Ufunguo wa Elfu Tano

Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, Masele alizijaribu kalamu zake mbili. Alisimama dirishani, akachora mstari mfupi wa bluu kwenye ukingo wa gazeti la zamani, akachora mwingine mwekundu chini yake, kisha akazichomeka kwenye mfuko wa shati, ya bluu kushoto, nyekundu kulia. Ukingo wa gazeti ulipojaa mistari, alitafuta gazeti jingine. Mkewe Getruda, aliyekuwa akimtazama huku anajifunga kitenge, alishaacha zamani kulisema jambo hilo. Kulifikiria hakuacha.

Maana fundi wa funguo hana haja ya kalamu. Anahitaji jiliwa la kushikia chuma, tupa tatu nne, waya na koroboi. Masele alikuwa navyo vyote kwenye sanduku la mbao, chini ya kibao kilichoandikwa FUNDI FUNGUO, kwenye baraza ya duka la vyuma la Mahesh, pale Makoroboi. Watu walileta makufuli, vitasa vya milango, funguo za masanduku na za magari. Walimwita "fundi", wakalipa, wakaenda zao. Kwa miaka mitatu pale barazani hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandike hata herufi moja.

Getruda alilijua hilo kwa sababu alikuwepo. Cherehani yake ilikaa mwisho wa pili wa baraza hiyo hiyo, hatua kumi na mbili kutoka kwenye sanduku la mumewe. Alikuwa amezihesabu. Mtu anayeshona huinamisha kichwa, kwa hiyo wateja wa Masele aliwajua kwanza kwa viatu. Makubazi na viatu vya mafundi wa gereji havikumsumbua. Kilipopita kiatu cha kike chenye kisigino, mguu wake ulisimama juu ya kanyagio, uzi ukalegea, na kichwa kikainuka. Akaziona kalamu mbili zinang'aa mfukoni mwa mumewe, akawaza: ndiyo kazi yake. Zipo ili aonekane si mtu wa masizi.

Zamani Masele alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha nguo. Kwa miaka tisa aliandika kwa bluu kila kilichoingia na kwa nyekundu kila kilichotoka, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba wakubwa walimwita kuandika kadi za harusi za binti zao. Ni kwa mwandiko huo alimpata Getruda. Alikuwa akimwandikia barua kwenda kwao Bujora, barua nzima kwa bluu, na jina lake peke yake kwa nyekundu. Getruda alikuwa anazo bado, kumi na moja, chini ya vitenge kwenye sanduku.

Kisha zikaja siku za kupunguza watu kazini. Masele alirudi nyumbani na kiinua mgongo ndani ya bahasha, akakaa wiki mbili bila kunyoa. Fedha ile ilinunua cherehani ya mkewe na zile tupa. Funguo alikuwa ameshazizoea: stoo ilikuwa na makufuli arobaini, na wafanyakazi walipoteza funguo kila mwezi. Na bahati ilikuwa upande wake, kwa sababu magari yalikuwa yameanza kumiminika. Zamani ukiona gari dogo Mwanza ulijua ni la mkubwa fulani serikalini, la misheni, au la mwenye duka. Sasa kila aliyeuza samaki misimu miwili alirudi kutoka Dar es Salaam na Toyota iliyochoka Japani, imekuja na redio ya Kijapani, vumbi la Kijapani chini ya kapeti, na ufunguo mmoja tu. Ufunguo ule ukipotea, gari linakuwa kibanda.

Jambo moja zaidi lazima lisemwe kuhusu Getruda. Hakuwa mtu wa kuuliza. Shangazi yake Suzana aliwahi kumuuliza mumewe swali moja wakiwa wanapalilia pamba, akajibiwa ukweli palepale, na jioni hiyo akarudi Bujora na jembe lake begani. Getruda alikuwa na miaka minane. Alimwona anavyopanda njia ya nyumbani. Tangu siku hiyo aliamua kwamba mume hatazamwi kwa mdomo, hutazamwa kwa macho.

*

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, mabuti ya mpira yalisimama barazani. Yalikuwa na magamba ya samaki mpaka kwenye vifundo. Getruda aliyaona, akaendelea kushona kwa raha. Ndipo akasikia sauti.

"Habari za hapa? Namtafuta Bwana Masele."

Mguu ukasimama. Getruda aliinua kichwa polepole. Juu ya mabuti kulikuwa na gauni la hariri la rangi ya zambarau, juu ya gauni mkufu wa dhahabu, na juu ya mkufu uso wa mama wa miaka arobaini hivi ambaye hakuna aliyemnyima chakula tangu azaliwe.

Masele alikuwa ameshasimama. Kwa wateja wengine aliinua kidevu tu.

"Ndiye mimi, mama."

"Mimi Wilhelmina, wa Nansio. Kuna mtu pale mwaloni, tunaposhushia samaki, mlikuwa naye kiwandani, ndiye aliyenielekeza kwako. Nimepata msiba, Bwana Masele. Ufunguo wa pikapu yangu umeingia ziwani."

"Umeingiaje?"

"Nashuka kwenye boti pale Kirumba, nimeubana kwa meno kwa sababu mikono imejaa. Mtu akanisalimia. Nikaitikia."

Pramila, mke wa Mahesh, aliyekuwa amekaa nyuma ya kaunta, alicheka mpaka akashika kifua. Wilhelmina naye alicheka. Masele alicheka. Getruda alikata uzi kwa meno.

"Nimekwenda kwa hao wenye vipuri," Wilhelmina aliendelea. "Wanasema ufunguo mmoja hauuzwi. Lazima nibadilishe swichi na vitasa vyote, viagizwe. Laki moja na nusu, na wiki tatu. Wiki tatu, Bwana Masele! Sangara wangu watangoja wiki tatu?"

"Hawawezi kungoja," alisema Masele.

"Wewe utaweza?"

"Nitajaribu."

Alifunga sanduku lake, akawasha koroboi kuona kama ina mafuta, akaizima, akaongozana na yale mabuti kuelekea Kirumba. Siku zote wateja walimletea vitasa mkononi, yeye hakuinuka. Getruda alimtazama mpaka shati lake likapotea nyuma ya jiwe kubwa la pale kona.

"Mama Queen," Pramila aliita kutoka dukani, "fundi wako leo ametembea haraka."

"Ana deni la kutembea," Getruda alijibu. "Nyumbani hutembea taratibu."

Kazi ile ilichukua siku mbili, na Getruda aliijua inavyofanywa, kwa hiyo hakuona kwa nini ichukue siku mbili. Unachukua ufunguo mtupu, ambao haujachongwa meno. Unaupitisha juu ya moshi wa koroboi mpaka uwe mweusi. Unauingiza kwenye kitasa, unautikisa kidogo, unautoa kwa uangalifu. Pale ambapo vyuma vya ndani vimegusa, masizi yamefutika. Unapiga tupa hapo, mara mbili, tatu, si zaidi. Unarudi kwenye moshi. Ni kazi ya mtu mvumilivu, na alama yake ni vidole vyeusi. Tangu aanze kazi hiyo Masele hakuwahi kurudi nyumbani na vidole visivyo vyeusi. Bakuli la kunawia lilikuwa na mstari wa masizi ambao haukutoka hata kwa majivu.

Jumatano jioni Masele alirudi kutoka Kirumba na mikono safi. Safi mpaka chini ya kucha. Alipopokea sahani ya ugali, Getruda alisikia harufu ya sabuni, na si ya kufulia. Ilikuwa sabuni ya kunukia, ile inayouzwa ndani ya karatasi yenye picha ya ua.

Hakuuliza. Alimwekea maji ya kunawa kama kawaida, akasimama na birika, akatazama maji yanavyotiririka meupe kwenye bakuli.

"Maji leo hayana kazi," alisema.

"Nilinawa kule," alisema Masele, akaanza kula.

Usiku, shati lilipotundikwa kwenye msumari, mfuko wake ulikuwa na kalamu mbili, na katikati yake ufunguo mpya wa gari.

*

Ufunguo wa mteja haulali nyumbani kwa fundi. Hiyo ilikuwa sheria ya Masele mwenyewe, na aliisema kwa kila aliyekaa naye zaidi ya dakika tano. Fundi anayebaki na ufunguo wa mtu, alisema, ni mwizi ambaye hajapata nafasi. Hata ule uliochongwa vibaya hautupwi. Unakatwa vipande viwili mbele ya macho ya mwenye gari, naye anaondoka navyo. Getruda alikuwa ameisikia sheria hiyo mpaka angeweza kuiimba. Sasa sheria ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, imevunjwa, tena na yeye mwenyewe.

Alhamisi ilipita. Ijumaa Pramila alimwita aingie dukani, akavuta kiti karibu.

"Yule mama samaki alipita juzi jioni, umeshaondoka, kununua kamba mbio mbio kabla ya meli. Nikamuuliza, fundi alikutoza ngapi? Unajua alisema nini?"

Getruda alivuta uzi uliong'ang'ania kwenye kitenge chake.

"Elfu tano."

"Elfu tano ya nini?"

"Ya ufunguo! Gari yote, mlango na swichi. Elfu tano! Wale wengine walitaka laki na nusu. Na sisi, ile gari ya duka, alitutoza ngapi? Elfu kumi na tano. Mahesh aliomba apunguze hata mia tano, akakataa. Sisi ndio tumempa baraza, Getruda. Sasa mimi naona hivi, kwa rafiki unapunguza, sawa. Lakini kwa mgeni unapunguza mara tatu?"

"Labda ana huruma," alisema Getruda.

"Huruma kwa mtu mwenye mkufu ule?" Pramila alifungua mikono. "Basi anionee huruma na mimi."

Alikuwa anatania, na Getruda alijua anatania. Lakini alirudi kwenye cherehani yake, akashona mkono wa kushoto wa gauni la mtu mahali pa mkono wa kulia, akaufumua, akaushona tena palepale.

Elfu tano. Ufunguo wa gari uliopotea ulikuwa elfu kumi na tano kwa kila mtu. Padri alilipa elfu kumi na tano. Kaka yake Getruda mwenyewe, wa baba mmoja mama mmoja, alipopoteza ufunguo wa Datsun ya kukodi, alilipa elfu kumi na nne, na Masele aliinunia ile elfu moja wiki nzima. Hizo elfu kumi zilizobaki Wilhelmina alizilipa kwa kitu gani?

Jioni hiyo, akisonga ugali, alisema bila kugeuka, "Nasikia siku hizi samaki wa Nansio wanapunguziwa bei."

"Samaki gani?" alisema Masele.

"Wakubwa. Wanaovaa mikufu."

Masele alimwangalia mgongo wake kwa muda. Akamwita binti yao Queen alete daftari lake la hesabu. Na ukimya ule, mtu asiyeuliza huusoma anavyotaka.

Usiku Getruda aliamua. Kesho asubuhi, Masele akiwa bafuni, atautoa ufunguo ule mfukoni. Atakwenda nao Kirumba. Ukikataa kwenye mlango wa pikapu ile, ataurudisha, ataomba Mungu amsamehe, na hatalisema kamwe. Ukifungua, atachukua cherehani yake na Queen, na kabla jua halijazama atakuwa Bujora.

*

Jumamosi saa moja alimwambia Masele anatangulia kununua vifungo. Alipita dukani kwanza. Pramila alikuwa anafungua milango.

"Leo cherehani haishoni," alisema Getruda. Alichukua kamba, akaifunga ile cherehani kichwa na miguu, fundo juu ya fundo.

"Unaipeleka wapi?"

"Bado sijajua kama inakwenda."

Pramila aliangalia mafundo, akaangalia uso, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na utani.

"Getruda. Mimi nilikuwa nacheka tu."

"Najua. Mimi ndiye sikucheka."

Alitembea kwa miguu mpaka Kirumba, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kitenge. Mwaloni kulikuwa kumechangamka, boti zinapakua, dagaa wameanikwa, watu wanapandishiana sauti kwenye mizani. Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa kivulini kando ya ghala, nyuma imepakiwa masanduku ya samaki yaliyofunikwa barafu na turubai. Maji yalikuwa yanadondoka taratibu. Mwenyewe hakuonekana.

Getruda alisimama mlangoni mwa gari kama mtu anayejiangalia kwenye kioo. Aliufungua ufunguo kutoka kwenye pindo. Uliingia kama uliopakwa mafuta. Aliuzungusha, na kitasa kikasema *ta*, kwa adabu kabisa.

Kwa kuwa hakutaka watu wa dagaa wauone uso wake, alifungua mlango akakaa ndani.

Mle ndani kulikuwa kunanukia ile sabuni. Ilikuwepo juu ya dashibodi, kipande kimebaki nusu, ndani ya kibati. Getruda aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka. Halafu akaona, juu ya kioo cha mbele, karatasi iliyokunjwa mara mbili, imechomekwa kwenye kile kibao cha kuzuia jua. Wino ulionekana kwa nyuma ya karatasi. Bluu, na mahali pamoja, nyekundu.

Aliutambua mwandiko kabla hajaikunjua. Herufi zilizoinama kidogo kulia, zile M zenye mabega. Miaka sita Masele hakumwandikia mkewe hata orodha ya vitu vya sokoni. Aliikunjua haraka mpaka karatasi ikalia.

*Nimepokea kutoka kwa Bi. Wilhelmina, mkazi wa Nansio, Ukerewe, shilingi elfu tano tu (5,000/=), ikiwa ni malipo ya kuchonga ufunguo mmoja wa gari aina ya Toyota pikapu, mlango na swichi. Kazi imekaguliwa na kukubaliwa na mwenye gari.*

Chini kulikuwa na tarehe, sahihi yenye mkia mrefu, na mistari miwili myekundu iliyopigwa kwa rula chini ya lile neno la kiasi. Karatasi nzima haikuwa na doa hata moja la masizi.

Aliisoma mara tatu akitafuta kilichojificha ndani yake. Hakikuwepo. Ilikuwa risiti. Ungetegemea apoe, lakini hakupoa, alizidi kuwaka. Kama ingekuwa barua ya mapenzi angejua la kufanya, angeichana. Hii ilikuwa nzuri kuliko barua zake zote kumi na moja. Yule mwanamume alikuwa amenawa mikono kwa sabuni ya ua, akatafuta rula, akaketi humu ndani, kwenye kiti hiki, akaandika taratibu kwa ajili ya mwanamke mwenye mabuti. Na ufunguo alibaki nao.

Basi tuone, alijisemea. Kama unafungua mlango, tuone kama unawasha na gari.

Aliusukuma kwenye swichi. Uliingia. Hakuwa amewahi kuwasha gari maishani mwake, lakini alikuwa ameona watu wanavyofanya. Alizungusha. Haukuzunguka. Alizungusha kwa nguvu, kwa mkono uliozoea kukaza skrubu za cherehani, kwa siku nne za kutokuuliza. Ukazunguka, ukiwa peke yake. Nusu ilibaki mkononi, nusu ikabaki ndani.

"Karibu, wifi," ilisema sauti dirishani.

Wilhelmina alikuwa amesimama pale na daftari kwapani.

"Mimi si wifi yako," alisema Getruda.

"Basi karibu mwizi wangu." Hakusema kwa ubaya. "Wewe si yule wa cherehani? Mke wa Bwana Masele?" Aliinama, akaona kile kipande mkononi mwa Getruda, akaona swichi. Uso ukabadilika. "Umefanya nini, mama?"

"Ufunguo wa gari lako unalala kwenye shati la mume wangu," alisema Getruda. "Nimekuja kuona unalala kwa sababu gani."

Wilhelmina alikichukua kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga.

"Huu? Huu si ule mbovu? Huu alipiga tupa ikazidi, ukakubali mlango ukakataa swichi. Akachonga mwingine, huu hapa." Alitoa kifuani ufunguo uliofungwa kwa kamba nene ya viatu. "Alisema lazima aukate mbele yangu. Mimi nikawa nakimbilia meli ya Nansio. Nikamwambia utupe, akakataa kata kata, akasema utangoja mpaka nirudi. Nikasema mwanamume huyu kakazana na kichuma!" Akacheka, kisha akasikia maji yanavyodondoka nyuma ya gari, akaacha. "Wifi, au chochote utakacho niite. Barafu inayeyuka. Kwenye kiwanda cha samaki wanafunga mlango wa kupokea saa tano. Ule mzima hauingii kama hiki kimo ndani. Kamwite."

Getruda hakuondoka palepale. "Nikamwambie nini?"

"Ukamwambie ulichofanya. Au niende mimi nikamwambie?"

Getruda alishuka, akakaza kitenge, akakimbia.

*

Masele alikuwa amesimama barazani, mkono kwenye mfuko wa shati, mbele ya cherehani iliyofungwa kamba. Pramila alikuwa amejificha nyuma ya makopo ya rangi.

"Nimevunja ufunguo ndani ya swichi ya Wilhelmina," alisema Getruda, pumzi zimemkatika. "Ule uliokuwa mfukoni mwako. Barafu inayeyuka."

Masele aliangalia kamba, akaangalia mkewe. Alichukua kipande chembamba cha msumeno na koleo ndogo, akatangulia. Getruda alimfuata hatua tano nyuma, kama mtu aliyekodiwa kubeba mzigo.

Ilikuwa kazi ya robo saa. Masele alilala chali chini ya usukani, akaingiza ule msumeno mwembamba kando ya kile kipande, akakivuta kidogo kidogo kwa meno ya msumeno, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto aliyelala. Jasho lilimwingia machoni. Kilipotoka, alikiunganisha na kile kingine kwenye kiganja, akaviweka vyote viwili mkononi mwa Wilhelmina.

"Nilisema utakatwa na utaondoka nao," alisema. "Haukukatwa nilivyotaka."

Wilhelmina alijaribu ufunguo wake mzima. Gari likawaka.

"Unanidai ngapi leo, Bwana Masele?"

"Sikudai. Ufunguo nilikaa nao mimi, na aliyeuvunja ni mke wangu."

Wilhelmina aliwatazama wote wawili. Kwa Getruda alitazama muda mrefu zaidi. Kisha akachukua ile risiti iliyokuwa imeachwa kitini, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akairudisha mahali pake juu ya kioo, akaondoka na samaki wake, maji yakichora mstari barabarani nyuma yake.

Walirudi Makoroboi. Vidole vya Masele vilikuwa vimerudi kuwa vyeusi. Pramila alipowaona alikumbuka kitu cha kufanya ndani kabisa, kwenye stoo ya misumari.

Cherehani ilikuwa palepale, imefungwa. Masele hakuigusa. Alikaa kwenye sanduku lake, akaupinda mgongo, akangoja kama mtu anayengoja kitasa kiamue. Getruda alisimama na mkono mmoja juu ya mafundo. Kwa mambo ya ufunguo alikuwa amejibiwa, na aliyemjibu alikuwa mwanamke mwingine. Sabuni alikuwa ameielewa mwenyewe, pale alipoona karatasi isiyo na doa. Lakini wivu haukuwa umeondoka. Aliiona ile mistari miwili myekundu iliyopigwa kwa rula. Alimwona shangazi Suzana anapanda njia na jembe begani.

Ufunguo ule ulikuwa umefungua mlango. Aliweka sharti mwenyewe. Kama ni kwenda Bujora, bora aende anajua.

"Baba Queen," alisema.

Masele aliinua kichwa. Si "fundi", kama alivyozoea kumwita hapo barazani mbele za watu.

"Kaka yangu ulimtoza elfu kumi na nne. Kwa nini yule mama ulimtoza elfu tano?"

Mkono wa Masele ulikwenda kwenye mfuko wa shati, ukakumbuka masizi, ukarudi magotini.

"Aliniomba risiti," alisema.